Kinyozi na Wapiga Makofi

Hebu mwone anavyoingia. Mlango anausukuma kwa bega, maana mikono imejaa: huku mkate, huku ndoo yenye mfuniko. Nyusi zina poda, kola imejaa vinywele vya watu, na ananuka spiriti kama aliyetoka kuchomwa sindano. Mtu mwingine angevua viatu, akasalimia, akauliza habari za mchana. Huyu anapita moja kwa moja mpaka pembe ya sebule, anainama mbele ya tangi la kioo na kusema kwa sauti ya chini, "Hamjambo humu?" Akisharidhika kwamba hawajambo, ndipo anageuza shingo kumwambia mkewe, "Na wewe je, mama, umeshindaje?"

"Mimi wa pili," mkewe hujibu bila kuinua macho kwenye vitunguu anavyovikata. "Siku nikiwa wa tatu nitahama."

Basi huyo ndiye kinyozi wetu. Wateja wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno analolisema kila anapoinamisha kichwa cha mtu: taratibu, taratibu, geuka kidogo, taratibu. Na kweli hana haraka. Mwenye basi la kuwahi huenda kwa jirani yake. Mwenye harusi huja kwake. Ana kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa pembeni, na ufagio ambao haulali. Kazi yake ameifanya tangu ndevu zake mwenyewe hazijaota, na jambo moja analolijua kuliko yote ni hili: nywele ikishakatwa, imekwisha. Inaanguka chini, inafagiwa, inasahaulika. Hilo liweke akilini, maana ndilo lililomponza.

Mkewe naye anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi kubwa, ile inayomeza shuka upande huu na kuitema upande ule ikiwa imenyooka kama karatasi. Wenzake wanamwita Mama Pasi. Nyumbani kwake hata vitambaa vya kufutia vumbi vina mistari. Ukimwona mumewe amekaa na shati lililokunjamana, jua kwamba mwenye nyumba bado hajarudi.

Tangi lilifika kwao kupitia shemeji, yaani mdogo wake Mama Pasi, ambaye ni fundi bomba. Alikuwa ameitwa kuziba mahali panapovuja katika nyumba ya mtu aliyekuwa anahama, na yule mtu, akiwa amezungukwa na maboksi, akamwonyesha lile tangi kwa kidole: mchanga, mawe, taa ya buluu, pampu, samaki wawili wa rangi ya machungwa, vyote. Akasema kama kuna mwenye nguvu ya kubeba, abebe. Shemeji ana nguvu. Akili ya kuuliza kitu kinatunzwaje, hiyo aliiacha kwenye kisanduku cha vifaa.

"Shemeji, nimekuletea bahari," alisema akihema mlangoni.

"Mimi nilikuomba uniletee koki ya jikoni."

"Koki utaipata. Bahari haipatikani kila siku."

Ikabidi kinyozi ajifunze. Alimpata mwalimu katika duka la samaki wa mapambo, mzee mwenye mikono ya shati iliyolowa muda wote, akafundishwa kuchanganya chumvi na maji katika ndoo, kukoroga, kupima, kungoja maji yatulie kabla ya kuyamimina. Kungoja kulimfaa. Baada ya kushinda anasikiliza watu wakibishana juu ya mpira na siasa huku mashine ikivuma masikioni, kusimama mbele ya maji yanayonong'ona kulikuwa kama kuvua kiatu kinachobana.

Kisha akaja Bibi.

Mama Pasi alikuwa amepasuliwa mguu. Mishipa ilichoka kwa kusimama mbele ya ile pasi, madaktari wakaitengeneza, naye kwa mara ya kwanza akalala juu ya zile shuka badala ya kuzipiga pasi. Aliporudi nyumbani aliambiwa akae, mguu juu ya kigoda, asifanye lolote. Kumwambia Mama Pasi asifanye lolote ni kumwambia jogoo anong'one. Baada ya siku chache tu alikuwa amemaliza kumkosoa kila mtu aliyepita mbele ya kile kigoda, na mumewe akaona heri ampe kitu cha kutazama. Akaenda dukani, akarudi na tumbawe gumu, kiumbe hai wa baharini anayefanana na jiwe, saizi ya ngumi, jekundu lenye kingo za kijani, lililokunjamana kote kama uso wa mtu aliyecheka maisha yake yote. Akaliweka juu ya mchanga, mbele kabisa, usawa wa macho ya mgonjwa.

"Huyu ni bibi yangu mzaa mama," Mama Pasi alisema alipoliona. "Mtazame mdomo. Anataka kuuliza nani kala sukari."

Jina likakwama hapo hapo. Ikawa jioni, taa ikipunguzwa, Bibi anatoa vidole vyembamba pembezoni mwa mikunjo yake, na Mama Pasi anamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone la uduvi uliosagwa. Bibi anashika, anakunja, anameza bila haraka yoyote. Mguu ukapona, mama akarudi kazini, lakini ile desturi ya jioni ilibaki. Mikunjo pekee iliyoruhusiwa katika nyumba ile ilikuwa ya Bibi, na ole wake ambaye angeigusa.

Wapiga makofi walikuja kama nyongeza. Kinyozi alikuwa amenunua chumvi, na yule mzee wa dukani akamtilia mfukoni kipande cha tumbawe laini, hakizidi ukucha, akisema, "Chukua, huyu hafi. Ila mweke mbali na wenzake." Kinyozi alisikia sehemu ya kwanza. Ile ya pili ilipitia sikio hili ikatokea lile, kwa sababu tayari alikuwa ameinua mfuko kwenye mwanga na kuona kile kipande kinafanya nini. Kilikuwa na shina kama la uyoga, na juu yake vimikono vyenye manyoya, na vile vimikono vilikuwa vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, kama ukumbi mzima umesimama kushangilia.

Hebu fikiria: mtu ameshinda amesimama, amenyoa vichwa vya kila aina, hakuna aliyemwambia ahsante zaidi ya kujitazama kwenye kioo na kukunja uso. Anafika nyumbani, anainama, na umati unampigia makofi. Wewe usingewapenda?

Aliwaweka juu ya jiwe la katikati, lile lenye umbo la daraja. Wakashika. Wakazaa. Jiwe likageuka zulia jeupe lenye kupumua. Wakateremka miguu ya daraja, wakapanda kioo cha nyuma, wakavuka kwenda jiwe la pili. Kinyozi alifurahi kama mtu ambaye watoto wake wote wamefaulu. Aliwaita wateja waje kuona. Dereva mmoja wa teksi alikaa mbele ya tangi mpaka abiria wake akaja kumgongea dirisha.

Mama Pasi hakuchangamka sana. "Hao wageni wako," alisema, "mbona hawaulizi pa kukaa?"

"Wachangamfu tu, mama."

"Uchangamfu una mpaka. Wakimgusa Bibi, mimi na wewe tutajuana. Na ukiona wanamkaribia, uniambie mapema. Sitaki kuja kuambiwa na Bibi mwenyewe."

"Nitakwambia."

Neno hilo alilitoa kirahisi, kama mtu anayesema "pokea salamu zangu". Na siku ilipofika ambapo aliona shina moja refu limeinama kutoka mguu wa daraja na kuegemea ukingo wa Bibi, hakusema. Alijikausha. Alijiambia hili ni jambo dogo, la kitaalamu, na mtaalamu ni nani hapa kama si yeye? Mkewe akiwa kazini, akachukua mkasi wake mwembamba, ule wa kuchonga masharubu, akauosha, akakunja mkono wa shati na kuingia kazini.

Taratibu, taratibu. Alipunguza juu, akachonga pembeni, akaacha mstari safi kati ya wapiga makofi na Bibi, mstari ambao hata bwana harusi angeulipia. Vipande alivyokata vikaelea, vikazunguka na mkondo wa pampu, vikapotelea nyuma ya mawe. Hakuvijali. Nywele ikishakatwa imekwisha, na palipo na pampu hapahitaji ufagio. Akafuta mikono, akajisifu, akarudi dukani kwake.

Ndugu msomaji, kipande cha mpiga makofi kikikatwa hakifi. Kinaelea kikitafuta pa kukaa, kikigusa jiwe kinashika, na kabla hujageuka kimeota vimikono na kinajipigia makofi chenyewe kwa kuhama nyumba. Yule kinyozi hakuwa amenyoa. Alikuwa amepanda.

Wakatokea nyuma. Wakatokea pembeni. Wakatokea juu ya konokono, ambaye akawa anatembea tangini amebeba shada kama bibi arusi aliyechelewa. Kinyozi akaona hii ni nywele kaidi, ameshakutana nazo, dawa yake ni kunyoa mara kwa mara. Akanyoa. Wakaongezeka. Akanyoa zaidi, akabadili mkasi, akajaribu kipara kabisa. Kila aliponyoa, mkewe akirudi alimkuta mchangamfu kupita kiasi, anaosha vyombo bila kuombwa, na vidole vyake vinanuka.

"Unanuka nini wewe?"

"Dawa mpya ya kichwa. Ya mteja."

"Huyo mteja amekufa lini?"

Wakati huo Bibi alikuwa anapungua. Kwanza aliacha kufura mchana. Kisha vidole vya jioni vikawa vifupi, halafu vikawa havitoki upande wa daraja. Mama Pasi alimlisha mara mbili, akapunguza taa, akaongeza taa, akauliza kama maji yako sawa. Kinyozi akasema maji yako sawa, na hapo hakudanganya. Ila kila alipouona uso wa mkewe umeinama kwenye kile kioo, moyo wake ulikuwa unapungua pamoja na Bibi.

Jumamosi moja pampu ikaanza kukoroma. Shemeji akaitwa. Akaja na kisanduku chake, akaifungua ile pampu juu ya gazeti mezani, akachungulia ndani, akanyamaza. Shemeji hanyamazi ovyo. Mama Pasi akaacha pasi yake ya nyumbani na kusogea.

"Shemeji," fundi bomba akasema, "humu ndani mmeotesha kabichi."

Kweli, wapiga makofi walikuwa wamejaa ndani ya pampu kama abiria. Shemeji akachomoa mmoja kwa koleo, akamgeuza. Shina lilikuwa limekatwa chini, mstari ulionyooka kabisa, na juu ya lile kovu limeota shina lingine, na lingine tena.

"Huu mkato ninaujua," akasema. "Ninao kisogoni."

Mama Pasi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama gazeti.

"Umekuwa unawakata?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu walipo... walipomkaribia Bibi."

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona."

"Shemeji," fundi bomba akadakia, maana hawezi kukaa na kitu kizuri mdomoni, "wewe ulikuwa unanyoa au ulikuwa unalima? Maana mkulima angalau hupumzika."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Mama Pasi alikuwa ameshakwenda mbele ya tangi, amepiga magoti upande ule wa daraja ambao kwenye kiti hauonekani. Akayatenga yale mashina kwa bomba lake la kulishia. Pale ukingoni, nyama ya Bibi ilikuwa imerudi nyuma, na mfupa mweupe umebaki wazi, upana wa kidole gumba.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, kinyozi angejua pa kushika. Akasema, macho bado kwa Bibi, "Mimi kushindwa kumponya ningevumilia. Lakini nimekaa hapa kila jioni namwuliza jiwe lina nini, na mwenye jibu alikuwa amekaa nyuma yangu anakula mkate."

Kinyozi alitamani ule mfupa ungekuwa wake.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaambiwa neno, alikwenda kwa yule mzee mwenye mikono iliyolowa, akamweleza yote bila kuchonga pembeni. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamwambia la kufanya. Mkasi uwekwe kando. Toa mawe nje, kila moja katika ndoo ya maji ya tangi lile lile. Bandua kutoka kwenye kitako, shina zima, kama unavyobandua plasta kwenye ngozi ya mtoto. Suuza ndani ya ndoo, usisuuze ndani ya tangi. Weka mkaa wa kuchujia, kwa maana wakibughudhiwa wanatema sumu yao majini. Na Bibi akae peke yake katikati ya mchanga mtupu. Mchanga hawauvuki kwa urahisi, hawapendi kutembea bila viatu.

Kinyozi alirudi na ndoo nne, akazipanga sebuleni. Akamwendea mkewe jikoni.

"Mama, wote wanatoka. Daraja pia."

"Hata daraja?"

"Hata daraja."

Alijua mumewe anasema nini. Alikausha mikono, akavaa glavu zake za kazini, zile ndefu za kufulia, akakaa kwenye kigoda kando ya ndoo ya kwanza. "Nipe jiwe," akasema. Ukiacha lile swali la daraja, yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana yake, na kinyozi aliyapokea kama zawadi.

Ilikuwa kazi ya Jumapili nzima. Nje ya maji wapiga makofi si wazuri, ni kamasi tu, na harufu yao ilifungua madirisha yenyewe. Mama Pasi ndiye aliyepatia mkono kwanza: unashika kitako, unavuta polepole upande mmoja, kama unavyotoa shuka iliyonata kwenye rola ya pasi bila kuichana. Kinyozi alikuwa na haraka, kwa mara ya kwanza maishani, akawa anakata katikati.

"Taratibu," mkewe akamwambia.

Akamtazama. Alikuwa anang'ang'ania kutocheka, midomo ameibana, lakini mabega yalikuwa yameshamsaliti. Basi wakacheka wote wawili, mikono ndani ya ndoo, kamasi mpaka kwenye viwiko, mpaka shemeji aliyekuwa anafunga pampu akasema kama hii ndiyo ndoa, yeye atangoja kwanza apate glavu.

Konokono alinyolewa shada lake. Bibi alihamishwa katikati ya mchanga, peke yake kama mheshimiwa. Ndoo tatu za wapiga makofi zilikwenda kwa yule mzee, ambaye aliwagawa kwa wenye matangi, kila mmoja akipewa onyo, na kila mmoja, bila shaka, akisikia nusu yake. Lile daraja lenyewe lilibaki tupu, limesuguliwa, na kinyozi alilirudisha mahali pake. Jioni aliinama akasema, "Hamjambo humu?" Samaki wawili wakamtazama. Hakuna aliyepiga makofi. Aliona aibu kidogo jinsi kilivyomuuma kimya kile.

Bibi alichukua muda wake. Kwa siku nyingi alikaa amejikunja, na Mama Pasi akawa anamlisha upande mzima, tone kwa tone, huku kinyozi ameshika tochi. Sasa ripoti ilikuwa inatolewa kila jioni, hata isipoulizwa: mama, leo upande wa kushoto umefura, mama, leo amekataa uduvi, mama, ninadhani, sina hakika, ila ninadhani nyama imesogea. Mkewe alisema afadhali zamani alipokuwa anaficha, angalau alipata kusikia redio. Lakini hakumwambia aache. Na nyama ilikuwa imesogea kweli, uzi mwembamba wa kijani ukipanda juu ya ule mfupa mweupe, ukiufunika kama blanketi linalovutwa na mtu aliye usingizini.

Ndipo juzi kinyozi alipoona.

Alikuwa anafuta kioo cha ubavuni, shavu limegusa tangi, akaona chini ya Bibi, pale kitako kinapokutana na mchanga, kitu cheupe saizi ya punje ya mchele. Akatulia. Kile kitu kikafunguka. Kikafumba. Kikafunguka tena.

Alisimama na kitambaa mkononi, na naapa hakuhesabu hata mara moja faida ya kunyamaza. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti alipokuwa mkewe.

"Mama, kuna mmoja. Chini ya Bibi, upande wa nyuma."

Mama Pasi alikuwa anashona kifungo. Akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema. "Nimemwona siku nyingi."

"Umemwona? Na hukusema?"

"Nilitaka kusema." Akakigeuza kifungo, akakikagua, ingawa hakikuwa na kosa. "Kila nikitaka kusema, anapiga makofi."

Kinyozi hakujua acheke au akae. Akakaa. Wakasogeza viti vyao mpaka mbele ya kioo, bega kwa bega. Juu, Bibi alikuwa ameanza kutoa vidole vyake, pande zote mbili, akiuliza nani kala sukari. Chini, yule mmoja alikuwa anashangilia ukumbi mtupu kwa nguvu zake zote. Bomba la kulishia lilikuwa mezani karibu na mama. Kijiti bapa cha kubandulia wapiga makofi kilikuwa mezani karibu na mumewe. Wote wawili walijua kitakachotokea akiachwa, na wote wawili walijua kwamba leo bado anabanduka kwa kidole kimoja.

"Haya," mama akasema, "mtaalamu ni wewe."

"Aa, mwenye Bibi ni wewe."

Wakaendelea kukaa. Sasa wewe uliyewasikiliza mpaka hapa, ukiwajua hao wawili, unadhani ni nani aliyenyanyuka kwanza?